Likiwaka litanyanyuka

Juma hili tuzungumze juu ya upepo. Si kaskazi wala kusi, pepo ambazo wenyeji wa Kilwa na Lindi wamezijua tangu enzi za majahazi. Nazungumzia upepo uliofungiwa chini ya basi la abiria, ule unaolibeba basi mgongoni, unaofungua mlango, na unaolisimamisha basi dereva anapokanyaga breki. Upepo huo ukianza kutoroka haupigi kelele. Hutoroka kidogo kidogo, na aghalabu hutambulika baada ya usiku kupita.

Abiria wengi wa njia ya kusini wamekwisha kuiona dalili yake pasipo kuitilia maanani. Msafiri anafika stendi alfajiri, analikuta basi limelala upande mmoja kama jahazi lililopwelewa. Mama mwenye mizigo akiuliza, "Mwanangu, mbona gari limeinama hivi?", utingo humjibu bila wasiwasi, "Mama, hilo likiwaka tu litanyanyuka." Na kweli, injini ikiwaka, baada ya dakika chache basi linanyanyuka, linakaa sawa, watu wanapanda, na safari ya kilomita 450 hivi kati ya Lindi na Dar es Salaam inaanza.

Jibu la utingo ni la kweli, na hapo ndipo penye hatari. Basi limenyanyuka, lakini halijapona. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na hakuna chombo kinachoficha maradhi kwa ustadi kama basi linalokaa juu ya upepo. Nitaeleza kwa nini linaficha, na jinsi fundi mwenye subira anavyoweza kulifichua.

Zamani mabasi mengi ya njia zetu yalijengwa juu ya chasisi za malori, nayo yalikaa juu ya springi za pleti, yaani vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Pleti ikikatika, ilisikika na ilionekana. Hata mtoto angeweza kuinama na kuonyesha kwa kidole mahali palipovunjika. Mabasi mengi ya masafa marefu ya siku hizi hayana pleti hizo. Yanakaa juu ya mifuko minene ya mpira iliyojazwa upepo, mpira uliofumwa kwa nyuzi ndani kama tairi. Basi la ekseli mbili kwa kawaida huwa na mifuko 6, miwili mbele na minne nyuma. Ufundi huu si mpya. Mwaka 1954 kampuni ya Greyhound ya Marekani ilikuwa tayari inabeba abiria wake wa masafa marefu katika mabasi ya Scenicruiser yaliyokaa juu ya upepo.

Upepo wenyewe hutoka kwenye kompresa inayoendeshwa na injini. Ukitoka hapo hupita kwenye kikaushio, kinachonyonya unyevu, kisha hufika kwenye valvu ya ulinzi, ambayo kazi yake ni kugawa. Sehemu moja huenda kwenye tangi la breki za mbele, nyingine kwenye tangi la breki za nyuma, nyingine kwenye breki ya kuegeshea, na nyingine kwenye mambo mengine kama vile milango na mifuko. Valvu hiyo imewekwa ili sehemu moja ikipasuka, nyingine zisiishiwe upepo zote kwa pamoja.

Kabla upepo haujaingia kwenye mifuko, hukutana na mlinzi mwingine. Tumwite valvu ya kimo. Valvu hii imefungwa kwenye bodi ya basi, na ina mkono mdogo ulioungana na ekseli. Abiria wakipanda na basi likashuka, mkono unasukumwa juu, valvu inafunguka, upepo unaingia kwenye mfuko mpaka basi lirudi kimo chake. Abiria wakishuka na basi likapanda, mkono unavutwa chini, na upepo wa ziada unatolewa nje. Mara nyingi huwa na valvu tatu: moja inayohudumia mbele yote, na mbili za nyuma, moja kila upande. Baadhi ya mabasi mapya hufanya kazi hii kwa umeme, yaani kihisio hupima kimo na kompyuta ndogo ikafungua valvu, lakini shabaha ni ile ile.

Sasa tazameni ujanja wa ugonjwa. Tuseme mfuko mmoja wa nyuma kushoto una tundu dogo kuliko ncha ya sindano. Upepo unatoka, basi linashuka kidogo. Valvu ya kimo haijui kwamba kuna tundu. Yenyewe inajua kimo tu. Inadhani abiria ameongezeka, inafungua na kuujaza mfuko. Unavuja tena, inajaza tena. Kwa macho, basi limesimama sawa. Kinachopungua ni upepo wa tangi. Injini ikiwa inafanya kazi, kompresa inafidia, na hakuna anayejua. Injini ikizimwa jioni, valvu huendelea kuutoa upepo wa tangi kuuokoa mfuko, mpaka tangi linapoishiwa. Hapo ndipo basi linapoanza kuinama. Kwa hiyo basi lililoinama alfajiri halianzi kuugua alfajiri hiyo. Limekwisha kumaliza akiba yake yote ya usiku.

Na geji za mbele ya dereva? Hizo, kwa kawaida, huonyesha matangi ya breki. Tangi la mifuko linaweza kukauka kabisa na geji zikaonyesha upepo unatosha, kwa sababu valvu ya ulinzi imefunga mlango katikati. Dereva anatazama geji, anaridhika, anaondoka.

Ndugu wasikilizaji, mtu anaweza kuuliza: ikiwa kompresa inafidia na breki zina tangi lake, shida iko wapi? Shida ziko tatu.

Mosi, kompresa haikuumbwa ifanye kazi bila kupumzika. Katika basi zima hujaza matangi, hupumzika, kisha hujaza tena. Penye mvujo haipumziki. Inapata moto, inaunguza mafuta yake ya kulainishia, na masizi pamoja na mafuta yanasukumwa mpaka kwenye kikaushio. Kikaushio kikishachafuka hakinyonyi maji tena. Katika pwani yetu, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, maji hayo huingia matangini na kwenye valvu, vyuma vinashika kutu, na chembe za kutu zinakaa kwenye midomo ya valvu, ambazo nazo zinaanza kuvuja. Mvujo mmoja umezaa mitatu.

Pili, katika baadhi ya mabasi breki hupima uzito wa gari kwa kusoma upepo ulio katika mifuko. Mifuko ikiwa na upepo mwingi, valvu inajua basi limejaa, nayo inazipa breki za nyuma nguvu zaidi. Mfuko ukiwa mtupu, valvu inadhani basi ni tupu, nayo inapunguza nguvu. Basi lina abiria 50 na mizigo juu yake, lakini breki za nyuma zinapewa amri ya basi lisilo na mtu. Hapo hakuna tena cha kusema kwamba mifuko ni mambo ya starehe.

Tatu, basi lililoegemea upande mmoja hukaa vibaya kwenye kona, matairi yake yanakula upande, na mpira uliokosa upepo unasagwa kati ya vyuma mpaka upasuke kabisa, mara nyingi mbali na mji.

Sasa tuje kwenye utafutaji. Huko Marekani na Ulaya wapo watu, wengi wao wastaafu, wanaosafiri na kulala ndani ya magari makubwa kama mabasi, yenye kitanda, jiko na choo. Mengi ya magari hayo nayo hukaa juu ya mifuko ya upepo. Kwa kuwa mwenye gari analala humo humo, gari likiinama usiku yeye ndiye wa kwanza kujua, maana mto unamtoka kichwani. Watu hao wamejizoesha kutafuta mvujo kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kwa sababu hawana haraka. Ni utaratibu ambao gereji ya Lindi au ya Nangurukuru inaweza kuufuata bila mtambo wowote wa gharama. Unahitaji futi ya kupimia, ndoo, sabuni, brashi, kalamu na karatasi.

Hatua ya kwanza ni kupima, si kufungua. Basi liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa vigingi, matangi yajazwe mpaka kompresa ipumzike yenyewe, kwa kawaida karibu na paundi 120 kwa kila inchi ya mraba. Injini izimwe. Isubiriwe saa moja ili upepo upoe, kisha fundi aandike geji zinasema nini, na apime kwa futi kimo cha kila pembe, kutoka ukingo wa bodi juu ya gurudumu mpaka chini. Vipimo vinne vya kimo, viandikwe pamoja na saa. Alfajiri apime tena.

Hapa pana jambo la kuangalia. Upepo ukipoa hupungua nguvu hata kama hakuna tundu. Kutoka joto la nyuzi 35 jioni hadi nyuzi 25 alfajiri, tangi la paundi 120 litapoteza kama paundi 4 kwa ubaridi peke yake. Fundi asimshitaki mtu kwa paundi 4. Zikipotea 40, kuna mwizi.

Hatua ya pili ni kusoma pembe. Ikiwa nyuma kushoto tu ndiko kulikoshuka, wa kuhojiwa ni mifuko ya nyuma kushoto, mipira inayopeleka upepo huko, na valvu ya kimo ya upande huo. Ikiwa mbele kote kumeshuka sawasawa, wa kwanza kuhojiwa ni ile valvu moja inayohudumia mbele. Ikiwa basi halikuinama hata kidogo lakini geji za breki zimeshuka sana, basi mifuko si ya kwanza kushukiwa. Mvujo utafutwe kwanza upande wa breki. Namna hii, kabla spana haijashikwa, nusu ya basi imekwisha kuachiliwa huru.

Hatua ya tatu ni sikio. Injini ikiwa imezimwa, redio imezimwa, na stendi bado kimya, fundi azunguke basi akisikiliza. Mvujo mkubwa hufoka kama nyoka. Lakini asiridhike na sikio peke yake, kwa maana tundu linalomaliza tangi kwa saa nane linaweza lisitoe sauti yoyote ya kusikika.

Hatua ya nne ni sabuni. Povu zito la sabuni lipakwe kwa brashi kwenye kila kiungo cha mpira na chuma, kwenye midomo ya valvu, kwenye matangi yanakoingia mipira, na hasa kwenye mfuko wenyewe: pale juu unapobanwa na bamba la chuma, na pale chini mpira unapojikunja na kujikunjua kila gurudumu linapopita kwenye shimo. Mikunjo hiyo ndiyo huchoka kwanza. Povu likivimba na kuendelea kuvimba, mwizi amekamatwa. Maji ya kuchanganyia yawe ya bomba au ya kisima, yasiwe ya bahari, maana chumvi itakula vyuma, na kazi ikiisha povu lisuuzwe. Wala mtu asipake dizeli au oili kutafuta mapovu. Mafuta huozesha mpira.

Ikiwa povu limeshindwa kuonyesha kitu, iko hatua ya tano, nayo ni kutenga. Mpira unaopeleka upepo kwenye sehemu inayoshukiwa hufunguliwa baada ya upepo kutolewa, mdomo wake unazibwa kwa kizibo cha chuma, na basi linajazwa na kupimwa upya usiku unaofuata. Mvujo ukikoma, mkosa yuko upande ulioachwa nje. Usipokoma, yuko upande uliobaki. Fundi akigawa hivyo mara mbili au tatu, hata tundu lililojificha kabisa litabaki bila pa kujificha. Fundi wa majahazi hupeleka kalafati kwenye mshono unaoingiza maji. Hakalafati jahazi zima kwa kubahatisha. Basi nalo linataka heshima hiyo hiyo.

Lakini mara nyingi hali siyo hiyo. Mwenye basi anaambiwa "ni valvu", ananunua valvu. Basi linainama tena. Anaambiwa "ni mfuko", ananunua mfuko. Basi linainama tena. Mwishowe, kumbe ni fitingi ndogo iliyolegea, au mpira uliosuguana na chasisi mpaka ukatoboka. Spea zimenunuliwa kwa fedha nyingi ili kukwepa usiku mmoja wa kupima.

Yapo mambo mawili ambayo fundi asiyafanye kamwe. La kwanza ni kuingia chini ya basi linaloshikiliwa na upepo peke yake. Basi tupu la masafa marefu lina uzito wa zaidi ya tani 10. Mfuko ukipasuka au mpira ukifunguliwa kwa makosa, bodi inashuka mara moja, na nafasi iliyobaki kati ya chasisi na ardhi haimtoshi binadamu. Kabla ya mtu kulala chini ya basi, bodi ishikiliwe na nguzo za chuma madhubuti zilizowekwa chini ya chasisi. Jeki peke yake haitoshi, wala tofali. Vijana wanaojifunza ufundi ndio hutumwa kuingia chini, kwa kuwa wao ni wembamba na hawana sauti. Mwenye gereji ndiye mwenye dhamana ya roho zao.

La pili ni kuufunga mfuko uliotoboka kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, au kuweka gogo la mti mahali pa mfuko. Kiraka hakishiki mahali panapokunjwa maelfu ya mara katika safari moja. Na gogo halipandi wala halishuki. Kila shimo linapigwa moja kwa moja kwenye chasisi, na breki zinazotegemea upepo wa mfuko zinabaki zikidanganywa.

Nini huitoboa mifuko katika njia yetu? Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na kipande kigumu cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga, ambacho zamani kiliwalaza abiria njiani siku kadhaa wakati wa masika, kikaja kuwekewa lami miaka kadhaa baadaye. Hata hivyo barabara hii haijaacha kuwa na mitihani. Mwezi Mei 2024, mvua zilizofuatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara sehemu kadhaa wilayani Kilwa, na mawasiliano kati ya Dar es Salaam na mikoa ya kusini yakasimama kwa siku kadhaa. Magari yanapopita njia za mchepuko, kokoto hurushwa na matairi hadi kwenye mpira, na mchanga huingia katika mikunjo na kuusugua kama msasa. Ongezeni matuta ya vijijini, ongezeni upepo wa chumvi wa pwani unaokula fitingi. Kuosha mifuko kwa maji safi baada ya safari ya namna hiyo, na kumwaga maji ya matangi kila siku, ni kazi ya dakika chache.

Kuna jambo jingine jipya. Kwa miaka mingi tangu miaka ya 1990, mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku. Mwaka 2023 Serikali iliondoa katazo hilo, na wasafiri wengi walifurahi, nami sina ugomvi na furaha yao. Lakini tukumbuke kwamba ule usiku wa kulala basi ulikuwa pia kipimo chake. Basi lililolala lilikuwa likijieleza alfajiri. Basi linalofika saa nne usiku, likafagiliwa, likageuzwa na kuondoka tena, halipati nafasi ya kuinama. Ugonjwa upo, ila halikupewa muda wa kulalamika. Kwa hiyo mwenye basi la usiku anapaswa kulitengea usiku mmoja wa kupumzika na kupimwa, kama anavyotenga siku ya kubadili oili.

Na dereva asiye na usiku wa kusubiri anaweza kufanya kipimo kifupi zaidi. Vitabu vya mafunzo ya madereva wa Marekani huelekeza hivi: matangi yakiwa yamejaa, gari likiwa limezuiwa kwa vigingi, injini izimwe na breki ya kuegeshea iachiliwe. Kwa gari lisilovuta tela, geji isishuke zaidi ya paundi 2 kwa dakika moja. Kisha breki ikanyagwe na kushikiliwa, isishuke zaidi ya paundi 3 kwa dakika. Lakini tufanye hesabu. Paundi 2 kila dakika, kwa nusu saa ni paundi 60, nusu ya tangi. Hicho ni kiwango ambacho ukikivuka usiondoke. Asije mtu akakichukua kuwa cheti cha afya. Na kwa kuwa kipimo hiki kinasoma geji za breki, hakichukui nafasi ya futi na karatasi ya alfajiri.

Abiria naye ana nafasi yake. Yeye hana spana, lakini ana macho na masikio. Basi likiwa limeinama kabla ya kuwaka, na aone. Likichukua muda mrefu kunyanyuka, na aone. Likiwa limesimama tu na injini inaunguruma, kompresa ikapumua "pshii" kila baada ya muda mfupi ingawa hakuna aliyekanyaga breki, na asikie, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba upepo unaingia na kutoka bila kazi. Na king'ora cha upungufu wa upepo kikilia safarini, basi lisimamishwe mahali salama. Tena lisimamishwe mapema, kabla breki hazijajifunga zenyewe katikati ya barabara.

Kuuliza si ukorofi. Mtu akimwambia dereva kwa adabu, "Kaka, gari lilikuwa limelala upande wa kushoto asubuhi, mmelicheki?", amemsaidia dereva, amemsaidia mwenye mali, na amejisaidia mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tusisahau kwamba haba na haba pia hukimaliza. Kwa wenye mabasi, ombi ni dogo: ndoo ya povu, futi, karatasi, na usiku mmoja. Hiyo si gharama kwa chombo kinachobeba watu 50 kutoka Lindi mpaka Mbagala.